Dada Kasema Kushoto

Msomaji asihangaike kuitafuta Jamhuri ya Mbele kwa Mbele. Iko mbali sana na kwetu, watu wake hawafanani nasi hata kidogo, na yanayotokea huko hapa kwetu hayajawahi kutokea, Mungu apishe mbali. Anayesimulia anasimulia tu, hana ugomvi na mtu.

Katika nchi hiyo kila mwenye gari alipewa na Serikali kijidude cha kumwonyesha njia. Jina lake rasmi lilikuwa Kielekezi cha Taifa, lakini watu walikiita Dada, kwa sababu ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke mpole asiye na haraka, aliyesema "mbele kidogo, pinda kushoto" kama anayekukaribisha chai. Kilinunuliwa kwa bei ya chini sana, jambo ambalo Waziri alilitaja katika kila hotuba, na kilibandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari kwa mpira wa kunyonya ambao haukunyonya. Ilibidi mwenye gari aulambe kwanza. Jua likipanda mpira ulibanduka vilevile, Dada akaanguka miguuni pa dereva na kuendelea kuelekeza kutoka huko chini. Wengi walimfunga kwa kipande cha kanga.

Betri yake ilikufa kabla gari halijapata moto, kwa hiyo Dada aliishi kwa waya uliochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Gari likiingia shimoni waya ulichomoka, Dada akazimika, kisha akawaka na kumuuliza dereva upya anakwenda wapi. Tena kioo chake hakikusomeka juani. Malalamiko yalipozidi, Wizara ilitoa tamko la kuwashauri wananchi wasafiri kukiwa na mawingu.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Jambo kubwa lilikuwa ramani. Huko Mbele kwa Mbele barabara huzaliwa siku utepe wake unapokatwa. Kokoto na lami hufuata baadaye, zikipenda. Mkuu wa Nchi alikuwa na mkasi maalumu uliosafiri katika gari la peke yake lenye king'ora, juu ya mto wa mahameli, na jioni ya siku utepe ulipokatwa barabara hiyo iliingizwa katika ramani ya Dada. Barabara ya zamani iliyokuwa ikienda huko huko ilifutwa, kwa kuwa taifa lenye heshima zake halihitaji njia mbili za kwenda mahali pamoja. Na kutomfuata Dada lilikuwa kosa la jinai. Liliitwa Ukaidi wa Njia.

Kila Jumamosi wenye magari walikusanyika katika ukumbi wa shule kutoa uzoefu wao. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mratibu wa Kuridhika, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyependa kusikiliza akiwa amefumba macho. Mtu alisimama, akaeleza kielekezi kilivyomfikisha, akamalizia kwa kusema "nimeridhika", na ukumbi mzima ukampigia makofi matatu. Hapakuwa na namna nyingine ya kumaliza.

"Mimi nilikuwa nakwenda msibani," alisema mwalimu mmoja, "Dada akanifikisha kwenye banda la kuku. Nikanunua kuku. Nilipofika msibani siku ya pili yake, kuku wakawa wanahitajika. Nimeridhika."

Pa, pa, pa.

Feruzi, fundi cherehani aliyeshona sare za shule, naye alisimama siku hiyo. Alikuwa amealikwa harusi ya mpwa wake, na Dada alimwingiza katika zizi la ng'ombe la mtu asiyemjua, akamwambia amefika, akazimika. Harusi aliikosa. "Nilipokewa vizuri," alisema. "Nimeridhika." Aliketi huku masikio yakimuwaka moto, maana Feruzi hakuzoea kusema uongo isipokuwa Jumamosi.

Baada yake alisimama rafiki na jirani yake, Kibwana, seremala. Kibwana alikuwa na kipaji cha kusimulia. Alieleza alivyovuka Daraja la Mto Gande, lile lililozinduliwa kwa tarumbeta na ngoma. "Kingo zake za chuma zimepakwa rangi ya samawati," alisema. "Katikati nikashusha kioo nipate upepo wa mto. Gari haliruki hata kidogo, ndugu zangu, utadhani umelala kitandani. Nimeridhika."

Mratibu alifumbua macho kwa furaha. Feruzi alipiga makofi kama wengine na akaamini kila neno. Alijua kwamba yeye mwenyewe ametoka kudanganya juu ya zizi, lakini hakumdhania Kibwana angeweza kubuni rangi ya samawati.

Sasa, Feruzi alikuwa na mke, Mashavu, na Mashavu alikuwa mgonjwa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu, na ugonjwa ulikuwa umemla mpaka kanga ilimzidi. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani. Daktari alimvuta Feruzi pembeni, akamwambia kwa adabu kwamba dawa zimefika mwisho wake, ampe mgonjwa anachokitaka.

"Unataka nini, mke wangu?" Feruzi alimuuliza, akimtilia uji.

"Nataka nikalale kwa mama."

Mama yake, Bi Mosi, alikuwa hai, mkongwe, anaishi Kitumbi, ng'ambo ya Mto Gande. Hawakuwa wameonana tangu daraja lilipozinduliwa, miezi michache iliyopita. Zamani Mashavu alivuka kwa mtumbwi, lakini mitumbwi yote ilitaifishwa siku ya uzinduzi na kutundikwa katika Jumba la Makumbusho ya Ufukara, kwa sababu Serikali ilisema kuwa na daraja huku unapanda mtumbwi ni kama kununua viatu kisha ukabebwa mgongoni.

"Tutakwenda," Feruzi alisema. "Kibwana amelivuka daraja juzi tu. Anasema ni kama kulala kitandani."

"Kweli?" Mashavu alisema, na macho yake yakachangamka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Basi nifungie ile kanga yangu ya njano. Mama asinione hivi."

Wakaondoka asubuhi. Gari la Feruzi lilikuwa kuukuu, rangi ya maziwa. Alimlaza Mashavu kiti cha nyuma juu ya mito, akaulamba mpira, akambandika Dada kiooni, akamfunga na kanga kwa tahadhari. Dada alitafuta setilaiti kwa muda mrefu. Alipozipata akasema, kwa upole wake ule ule, "Safari njema. Nyoosha."

Wakafika njia panda. Kulia ilikuwa barabara ya zamani, ile iliyozunguka milima na kutokea Kitumbi kwa nyuma. Ilikuwa mbovu na ndefu, lakini Feruzi aliijua vizuri, maana ndiyo aliyopita alipokwenda kuoa. Mnyororo ulikuwa umefungwa kukatiza njia, na kando yake alikaa askari kijana chini ya mwavuli wa soda. Feruzi alisimamisha gari. Hakujua kwa nini amesimama. Moyo wake tu ulikataa kupinda.

"Vipi, mzee?" askari aliuliza. "Dada kasemaje?"

"Kasema kushoto."

"Basi kushoto."

"Mwanangu, nina mgonjwa. Hii ya kulia naijua."

Askari alichungulia nyuma, akamwona Mashavu, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. "Pole, mama," alisema. "Lakini mzee, barabara hii haipo. Mimi nimewekwa hapa niizuie isitumike, na nikikuruhusu upite kwenye barabara ambayo haipo, nitaeleza nini? Na wewe una haraka ya nini na milima, wakati daraja liko hapo tu?"

"Twende darajani, mume wangu," Mashavu alisema kutoka kwenye mito. "Nataka nisikie upepo wa mto."

Feruzi akapinda kushoto.

Njia ilikuwa nzuri kwa kitambo, kama zilivyo njia zote karibu na mahali tarumbeta zilipopigwa. Halafu ikawa vumbi, halafu ikawa nyasi zilizolazwa na magurudumu. Zikatokea nguzo mbili za saruji, moja kila upande, na kati yake kipande cha utepe mwekundu kilichofifia kwa jua. Palikuwa na bamba la shaba lenye jina la Mkuu wa Nchi na tarehe. Baada ya bamba ulikuwa ukingo, na baada ya ukingo ulikuwa mto, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, ukienda zake.

"Unavuka Daraja la Mto Gande," Dada alisema. "Furahia mandhari."

Feruzi alikanyaga breki, na Dada akaanguka. Alikaa akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Hapakuwa na chuma wala rangi ya samawati.

Palikuwa na magari. Yalikuwa yameegeshwa vizuri kivulini, mengi, na wenyewe walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya mama mmoja aliyeitwa Bi Mwaka, wanakunywa chai na kula mihogo ya kuchoma. Kila mwenye gari alitakiwa avuke daraja angalau mara moja kila msimu, na isipokuwa Feruzi, ambaye zamu yake ilikuwa haijafika, kila mmoja alikuja, hata zaidi ya mara moja ili Jumamosi asikose la kueleza, akaketi, akangoja. Dada akikosa kuelewa gari liko wapi alikuwa na desturi ya kukisia na kuendelea na safari peke yake. Ukimwachia muda wa kutosha, alivuka, akapita kijijini, akatangaza kwamba mmefika. Hapo mtu alimaliza chai yake, akageuza gari na kurudi nyumbani kutoa uzoefu.

Katika benchi la mbele alikuwa ameketi Kibwana, kikombe mkononi. Alimwona Feruzi, kisha akaona kanga ya njano nyuma ya kioo, na kikombe kikamtoka.

"Feruzi," alisema. "Ndugu yangu. Ungeniambia kwamba unakuja na shemeji."

"Ningekuambia ungesema nini?"

Kibwana aliinama kuokota kikombe chake. Watu wengine waliangalia mihogo yao. Kulikuwa na mwalimu wa kuku, kulikuwa na karibu ukumbi wote wa Jumamosi, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

"Nageuza," Feruzi alisema. "Nampitisha milimani. Anikamate anayetaka kunikamata."

"Usigeuze," Mashavu alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na Feruzi aliinama dirishani kuisikia. "Sifiki huko. Nitoe niketi. Ule moshi pale, unauona? Ni jiko la mama."

Ilikuwa kweli. Ng'ambo, juu kidogo ya ukingo, palikuwa na paa la makuti na moshi mwembamba ukipanda. Kibwana na Feruzi walimtoa Mashavu pamoja na mito yake, wakamweka karibu na maji, na Bi Mwaka akaleta shuka. Mashavu alikuwa mwepesi mno. Kibwana alimshika miguu, na alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule, bila kujifuta.

Wakaita. Mwanamke aliyekuwa akifua ng'ambo alisikia, akakimbia, na baada ya muda Bi Mosi akaonekana akiteremka kwa fimbo. Mto ulikuwa mpana kiasi kwamba mtu akipiga kelele alisikika, akisema kwa kawaida hasikiki. Na Mashavu hakuwa na nguvu ya kupiga kelele. Basi alisema polepole, na Feruzi, aliyekuwa mtu wa haya, ambaye hata sokoni hakupandisha sauti, akayachukua maneno yake na kuyapigia kelele.

"Mama!" Feruzi aliita. "Anasema nimekuja!"

"Vuka basi, mwanangu!" Bi Mosi aliita. "Wanasema kuna daraja! Nimelitafuta silioni, macho yangu mabovu! Liko upande gani?"

Watu wa mabenchini walikuwa wamesogea wote mpaka ukingoni, na hakuna hata mmoja wao, katika wote wale waliolivuka, aliyeweza kumwelekeza.

"Mama!" Feruzi aliita. "Anasema macho yako hayana kosa! Anasema unapika nini?"

"Kunde! Kunde za nazi! Nimwekee?"

Mashavu akatabasamu. Alisema jambo, na Feruzi alilazimika kuweka sikio lake mdomoni mwake. Kisha akainuka, akaita.

"Anasema naona moshi wako, mama! Anasema ameshiba kwa kuuona! Usiuzime!"

"Siuzimi!" aliita Bi Mosi. "Siuzimi, mwanangu!"

Kule garini, sakafuni, Dada aliyesahauliwa akasema kwa upole, "Umefika." Feruzi alishika mkono wa mkewe, na mkono ulikuwa hauna mtu tena.

Walimzika pale pale jioni ile, kando ya nguzo ya saruji, uso wake ukielekea Kitumbi. Kibwana alichimba kwa jembe la Bi Mwaka, na mahali jembe liliposhindwa na mizizi alichimba kwa mikono. Ilipofika wakati wa watu kutupia udongo kaburini, kila mtu alitupia. Ng'ambo, Bi Mosi naye aliinama, akachota udongo wa ukingo wake, akautupa kuelekea kwa mwanawe. Ukaanguka majini. Akachota tena.

Jumamosi ilipofika, ukumbi ulijaa. Mheshimiwa Mratibu alikuwa na habari za msiba. Aliwaomba watu wasimame kwa dakika moja ya kuridhika kwa huzuni, wakasimama, wakaketi. Kisha akafumba macho.

"Bwana Feruzi, pole sana. Taifa liko nawe. Sasa tueleze, Kielekezi kilikufikishaje?"

Feruzi alisimama. Alikuwa amevaa shati safi alilolishona mwenyewe.

"Hakikunifikisha," alisema.

Mratibu alifumbua jicho moja. "Unamaanisha kilichelewa."

"Hakikuchelewa. Daraja halipo. Mke wangu amefia ukingoni akimtazama mama yake. Sikuridhika."

Neno hilo halikuwahi kusikika katika ukumbi ule, na watu walitazama darini kana kwamba limetokea huko. Mratibu hakukasirika. Alizungumza kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mgonjwa anywe dawa.

"Daraja lipo, ndugu yangu. Utepe wake niliushika mimi mwenyewe kwa mikono hii. Huzuni imekuziba macho, na sisi hatukulaumu. Hebu wenzako wakusaidie. Ndugu wananchi, waliovuka Daraja la Mto Gande wanyooshe mikono."

Kwanza hakuna aliyenyoosha. Kisha mwalimu akanyoosha, akiangalia sakafu, na baada yake mwingine, na mwingine, mpaka mikono ikawa imejaa ukumbini. Kibwana alikuwa wa mwisho. Mkono wake ulipanda nusu, ukasita, ukapanda wote. Alikuwa mtu wa kunawa sana, Kibwana, lakini udongo wa ukingo wa Gande ni mfinyanzi mweusi, hautoki upesi, na Feruzi, kutoka pale aliposimama, aliuona wote chini ya kucha zake.

Hakumchukia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alijua kwamba wiki moja tu nyuma, wangeuliza juu ya daraja la mtu mwingine, angenyoosha mkono wake mwenyewe.

Wizara ililimaliza suala hilo kwa busara. Ilitangaza kwamba uzoefu wa Bwana Feruzi haukutokea. Na kwa kuwa safari haikutokea, kifo cha safarini nacho hakikuwezekana. Mashavu akaandikwa kuwa mkazi wa Kitumbi, aliyewasili salama kupitia daraja. Feruzi alinyang'anywa Dada, na bila Dada hakuruhusiwa kuendesha gari, na nyumba yake ikafutwa katika ramani ili asimpotezee mtu njia.

Alifunga cherehani yake, akaenda kwa miguu mpaka mtoni, akajenga kibanda karibu na kaburi. Yuko huko mpaka leo. Gari likija na mgonjwa analikimbilia kabla halijasimama, anamwambia mwenyewe ukweli wote. Wengi humsikiliza. Humshukuru, humpa pole, hunywa chai kwa Bi Mwaka, na Jumamosi husimama wakaeleza rangi ya kingo. Kibwana naye huja kila msimu. Haketi tena mabenchini. Hupalilia kaburi, huweka sawa mawe, huondoka bila kusema, na Feruzi humwachia.

Bi Mosi amezeeka mno sasa. Chakula hakipatikani kila siku huko Kitumbi, kwa kuwa bidhaa zote hupelekwa kwa kupitia darajani. Lakini kila alasiri, hata siku ambayo hana kunde wala nazi wala chochote cha kutia chunguni, hukusanya vijiti, huwasha moto, na kuuacha ufuke.